Folda ya Mfumo, Folda ya Nyumbani: Ufundi wa Kufufua Faili Kati ya Kabezi na Rumonge

Kompyuta nilizoanza kuzifungua hapa Kabezi, Burundi, zilikuwa zimekwishafanya kazi kwa watu wengine kabla hazijatufikia. Nyingine zilitoka Ubelgiji, zenye kibodi za Kifaransa ambazo A imekaa mahali pa Q, zikatumwa na ndugu walioko huko. Nyingine zilinunuliwa Dubai, zikapitia Dar es Salaam na Kigoma, zikavuka ziwa Tanganyika kwa boti hadi Rumonge pamoja na mabati na vitenge, kisha zikapakiwa garini kuja kaskazini kwa barabara ya taifa namba 3. Nyingi zilikuwa Pentium 4 zenye Windows XP, diski ngumu ya gigabaiti 40, na kibandiko cha leseni kilichokwisha kuchunika ubavuni. Udogo wa diski ile ndio mzizi wa kisa chote.

Maana kisa kilikuwa kilekile, kwa mwalimu wa Kabezi au kwa mfanyabiashara wa mawese wa Rumonge. Diski inajaa nyimbo, sinema na picha za arusi. Mwenye kompyuta anafungua C, anaona folda kubwa iitwayo WINDOWS ambayo hakuitengeneza yeye wala hajui ilivyofika pale. Anaifuta ili apate nafasi. Mashine inakataa baadhi ya faili, kwa kuwa zinatumika wakati huohuo, lakini nyingine inakubali kuzifuta. Jioni ile kila kitu kinaonekana sawa. Asubuhi anawasha, anakuta kioo cheusi na mstari mmoja wa maandishi meupe. Hapo ndipo mtu anaibeba mashine kwa baiskeli hadi kwa fundi.

Nimeishi kwa kazi hiyo miaka mingi, meza yangu ikiwa karibu na soko, upande wa kusini wa mto Mugere, si mbali na jiwe lililochongwa majina ya Livingstone na Stanley na tarehe 25 Novemba 1871. Naandika historia ya ufundi huu kwa sababu naona unasimuliwa vibaya, na wanaousimulia vibaya zaidi ni sisi mafundi wenyewe. Tunajisifu kwamba tuliirudisha Windows. Lakini Windows haikupotea hata siku moja. Folda ya mfumo ni ileile katika kila CD, kila mashine, kila mji. Ikifutwa Kabezi, nakala yake iko Bujumbura, iko Kigoma, iko Nairobi. Folda isiyo na nakala popote duniani ilikuwa ile nyingine, ya nyumbani, na hiyo ndiyo tuliyoizika mara nyingi kwa mikono yetu tukidhani tunaponya.

Chimbuko la ufundi huu liko Marekani. Mwaka 1982 mtaalamu wa programu Peter Norton, baada ya kufuta faili yake kwa bahati mbaya, aliona afadhali aandike programu ya kuirudisha kuliko kuingiza upya kazi yote. Programu hiyo, UnErase, ikawa roho ya mkusanyiko wake ulioitwa Norton Utilities, na mwaka 1990 kampuni yake ikanunuliwa na Symantec. Mwaka 1991 Microsoft nayo ikatia amri ya kufufua faili ndani ya MS-DOS 5. Amri hizo zilikuwa na tabia moja ambayo wazee wa kazi hii hawaisahau: kabla ya kurudisha faili, zilimwuliza mtumiaji herufi ya kwanza ya jina la faili hiyo. Sababu ni kwamba mashine ilipofuta, ilikuwa imeiharibu herufi hiyo moja tu katika orodha ya majina, ikaweka alama ya kuonyesha kwamba nafasi ile iko wazi. Maandishi yenyewe hayakuguswa.

Wateja wangu wa Rumonge nilikuwa nawaeleza kwa bohari la mawese. Karani anapopiga mstari juu ya jina la mwenye madumu kwenye daftari, madumu hayaondoki. Yako palepale sakafuni, ila sasa mzigo wowote mpya ukifika utawekwa mahali pao. Anayetaka madumu yake arudi ana kazi moja kubwa: kuhakikisha hakuna mzigo mpya unaoingia bohari lile.

Ufundi wote umesimama juu ya hilo. Usiandike kitu kwenye diski iliyofutwa kitu. Usiiwashe kama huna lazima, kwa sababu Windows inapowaka tu inaandika: inaandika kumbukumbu zake, faili yake ya kubadilishana na RAM, na mambo mengine ambayo mwenye mashine hayaoni. Usipakue programu ya kufufua na kuiweka kwenye diski ileile, maana programu ya kuokoa inaweza kukaa juu ya kile inachokuja kukiokoa.

Mwaka 1995 Windows 95 ilileta pipa la taka, ambalo kwenye mashine zetu za Kifaransa liliitwa Corbeille, na watu wakapata mahali pa kujutia. Lakini pipa lilikula nafasi ya diski, kwa hiyo wenye diski ndogo wakajifunza haraka kushika Shift pamoja na kitufe cha kufuta ili kulikwepa. Windows Me ya mwaka 2000 ikaleta urejeshaji wa mfumo, wa kuirudisha mashine katika hali ya siku iliyopita. XP ya mwaka 2001 iliendeleza hilo, na ikawa pia na ghala la siri, dllcache, la kurudisha faili zake zenyewe zikifutwa. Ghala likikosa faili, mashine iliomba CD halisi ya Windows XP. Katika ukanda wetu ombi hilo lilikuwa gumu: kompyuta iliyofika kwa boti kutoka Kigoma ilifika bila CD.

Onyo lilikuwapo, tena mara nyingine mara mbili mfululizo, lakini lilikuwa kwa Kifaransa au Kiingereza, na msomaji wake nyumbani alikuwa wa Kirundi na Kiswahili. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, na muda si mrefu Microsoft nayo ikatafsiri XP. Tafsiri zile sikuzikuta kwenye mashine hata moja ya huku kwetu. Naamini sentensi moja ya Kiswahili iliyosema kwamba ukifuta folda hii kompyuta yako haitawaka tena ingeokoa nyumba nyingi na gharama ya safari ya kwenda mjini.

Halafu kulikuwa na hofu, ambayo ilifuta mengi zaidi kuliko uhaba wa nafasi. Mwaka 2001 barua pepe ilizunguka dunia ikiwaambia watu watafute faili iitwayo sulfnbk.exe na kuifuta kwa sababu ni virusi. Ilikuwa faili halali ya Windows. Mwaka 2002 ikaja nyingine kuhusu jdbgmgr.exe, yenye alama ya dubu mdogo, ikidai kirusi hukaa kimya siku 14 kabla ya kushambulia. Nayo ilikuwa faili halali, na kwa bahati nzuri watu wengi hawakuihitaji. Kilichobaki baada ya barua zile ni desturi: kutilia shaka kila kitu usichokijua ndani ya mashine yako, kukifuta, na kumwambia jirani naye afute.

Flashi zilipoingia, desturi hiyo ikawa na meno. Nazungumzia miaka ya virusi vya Brontok na Conficker na vile vya njia za mkato, vilivyohama kutoka sekretarieti moja ya kando ya barabara hadi nyingine, pale watu wanapochapisha barua na kutoa kopi. Unachomeka flashi, folda zako hazipo, badala yake kuna vijialama vyenye majina yaleyale. Zilikuwa zimefichwa tu. Amri moja ya attrib ilizirudisha, na kijana aliyeijua amri hiyo alipata faranga za chakula kila siku. Lakini ili kuziona folda zilizofichwa, watu walifundishwa kuiambia Windows ionyeshe kila kilichofichwa. Wakafanya hivyo hata kwenye C ya nyumbani. Ghafla wakaona vitu ambavyo hawakuwahi kuviona: boot.ini, ntldr, System Volume Information, RECYCLER. Hiyo ya mwisho lilikuwa pipa la taka halali la XP, na wakati huohuo lilikuwa jina ambalo Conficker ilijifichia kwenye flashi. Mtu aliyeifuta kwenye flashi yake akapona, alifanya hivyohivyo kwenye C. Akaona na ntldr, jina lisilo na maana kwake, akalifuta pia. Hapo mashine ikalala.

Niseme wazi: sikubali watu hao waitwe wajinga. Walifuata sawasawa walichofundishwa, na kilichowafundisha kilikuwa kweli upande mmoja.

Dawa ya ntldr ilikuwa fupi. Unaanzisha mashine kwa CD, unabonyeza R, unaingia kwenye kioo cheusi cha uokoaji, unanakili faili mbili, ntldr na ntdetect.com, kutoka folda ya I386. Kazi ya dakika chache. Zikiharibika faili za usajili wa Windows (registry), palikuwa na folda ya repair ndani ya WINDOWS yenyewe, iliyotunza nakala ya siku mashine ilipowekewa mfumo. Hata faili nyingi za system32 zikifutwa, CD iliweza kuzirudisha juu ya mfumo uliopo bila kugusa Documents and Settings, mahali picha na barua za watu zilipokuwa. Aliyekosa CD alitumia mfumo unaowaka bila kusakinishwa, kama Knoppix ya Mjerumani Klaus Knopper, au Ubuntu, ambayo kwa miaka kadhaa hadi 2011 ilitumwa kwa posta bure kwa yeyote aliyeomba. Kwa CD hizo diski ilisomwa bila Windows kabisa.

Lakini njia iliyoshinda haikuwa hiyo. Iliyoshinda ni kupiga Windows upya. Fundi anaingiza CD iliyochomwa mjini, anafomati, saa moja na nusu baadaye mashine inawaka ikiwa safi kama siku ya kwanza, anapokea pesa yake. Mteja anafurahi hadi anapofungua Mes documents na kukuta hamna kitu. Nimeona sura hiyo mara nyingi, kwa sababu mashine hizo zililetwa kwangu baadaye, wakati Windows mpya imekwisha kukalia gigabaiti na nusu za mwanzo za diski, palepale vitu vya kale vilipokuwa. Katika hesabu ya yote niliyoyashuhudia kwenye barabara hii, ajali ya mwenye mashine ilipoteza kidogo. Ufomati wa fundi ulipoteza kingi. Na ulifanyika kwa haraka tu. Aliyefomati alihudumia wateja wengi kwa siku, aliyechomoa diski na kunakili kwanza alihudumia wachache.

Kwa nini nalikazania jambo hili? Kwa sababu ya kilichokuwa ndani ya folda zile.

Rumonge na Nyanza-Lac ni mahali pa watu walioondoka na kurudi. Mwaka 1972, baada ya mashambulizi yaliyoanza ukanda huu tarehe 29 Aprili na mauaji makubwa ya jeshi yaliyofuata nchi nzima, umati wa watu ulikimbilia Tanzania, wakapelekwa makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Wengi walibaki huko, na wapatao 162,000 wakapewa uraia wa Tanzania. Maelfu wengine walirudi, hasa mwaka 2008 na 2009, wakakuta mashamba ya michikichi yana wenyeji wapya wenye hati zao. Tume ya ardhi, CNTB, ilikuwa imeanzishwa mwaka 2006 kusikiliza kesi hizo. Kesi ilitaka karatasi, na karatasi zilikuwa zimelowa, zimechanika, zimekunjwa miaka zaidi ya 30. Familia zikazipeleka sekretarieti zikachukuliwe kwa skana kabla hazijasagika, zikawekwa kwenye kompyuta ya mtoto aliyesoma. Picha ya marehemu baba akiwa mbele ya nyumba, stakabadhi ya kodi, barua ya mjomba kutoka Mishamo: vyote katika folda moja, kando ya sinema za kivita.

Wafanyabiashara nao wana lao. Soko kuu la Bujumbura lilipoungua tarehe 27 Januari 2013, madaftari yaliungua na bidhaa. Aliyekuwa na hesabu zake kwenye kompyuta ya nyumbani ndiye aliyejua anamdai nani.

Basi nilipoanza kutumia PhotoRec, niliona nimepata kifaa kinachoendana na mahali hapa. Iliandikwa na Mfaransa Christophe Grenier, aliyeitoa bure mwaka 2002 baada ya TestDisk yake ya 1998. Haijali orodha ya majina. Inapita diski nzima kipande kwa kipande ikitafuta alama za mwanzo wa kila aina ya faili. Picha ya JPEG, kwa mfano, huanza na baiti FF D8 FF. Kwa hiyo hata pale ambapo daftari lote limechanwa, inaokota. Diski ya gigabaiti 80 ilichukua saa nyingi, na umeme wa shirika la Regideso haukai saa nyingi bila kukatika, ijapokuwa mtambo wa Mugere wenye megawati 8 uko jirani yetu. Lakini PhotoRec huandika ilipofikia. Umeme ukirudi unaendelea kutoka hapo. Sijui kama Grenier aliwahi kufikiria watu wa Kabezi alipoweka kitu hicho. Namshukuru hata hivyo.

Ina gharama moja. Picha zinarudi bila majina. Zinarudi zikiitwa f na tarakimu, maelfu, zimechanganyika na vipicha vya tovuti na alama za programu. Nakumbuka familia moja ya Rumonge iliyokaa kwenye veranda yangu hadi jioni, kijana akifungua picha moja baada ya nyingine, bibi yake akitaja.

"Huyu ni nani, bibi?"

"Huyo ni shemeji yangu wa Katumba. Andika. Na yule nyuma yake ni mwanawe wa kwanza, aliyefia Kasulu. Andika naye."

Kijana aliandika majina ambayo hayakuwamo hata kabla folda haijafutwa. Faili za mwanzo zilikuwa na majina ya kamera, DSC na namba. Folda iliyotoka pale jioni ile ilikuwa na habari nyingi kuliko iliyopotea, na tangu siku hiyo kila aliyekuja kuchukua picha zake nilimwomba aje na mzee wa nyumba.

Mei 2015, mwezi wa jaribio la mapinduzi la tarehe 13, watu wa pwani hii walikuwa tena wakiteremka kusini kwenda Kagunga, upande wa Tanzania, ambako meli ya Liemba iliwachukua kuwapeleka Kigoma. Wiki zile hakuna aliyeniletea mashine ya kutengeneza. Walikuja na flashi. "Niwekee ya familia tu, mwanangu, mengine yabaki." Hakuna aliyeuliza habari za Windows. Watu waliokuwa na saa moja ya kuamua walijua bila kufundishwa ni folda ipi iliyo yao, wakati sisi mafundi tulikuwa tumetumia zaidi ya miaka kumi kuhangaikia ile nyingine.

XP iliachwa na Microsoft tarehe 8 Aprili 2014. Mifumo iliyofuata, tangu Vista ya 2007, ilifungia folda ya mfumo chini ya mmiliki wa ndani aitwaye TrustedInstaller, hata msimamizi wa mashine hawezi kuifuta kwa kubonyeza tu. Ajali ile ya asubuhi ya kioo cheusi imekuwa adimu. Lakini wakati huohuo diski zenyewe zimebadilika. Kompyuta za mkononi zinazokuja sasa zina SSD, zisizo na sahani inayozunguka, na tangu Windows 7 ya mwaka 2009 mfumo ukifuta faili huiarifu diski kwa amri ya TRIM kwamba vipande vile havihitajiki tena. Diski inavisafisha yenyewe, pengine ndani ya dakika. Ukiileta kwangu kesho yake, PhotoRec itapita mwanzo hadi mwisho na kurudi na ukurasa mtupu. Pengo lile kati ya kufuta na kupotea, ambalo Norton aliliona mwaka 1982 na ambalo ndilo lililonilisha, linazibika.

Vijana wanaojifunza kwangu sasa wanajua kurudisha mfumo kuliko mimi nilivyojua. Kazi hiyo inafanyika kwa kubonyeza mara chache kutoka kwenye flashi. Ninachowafundisha ni swali la kwanza la kumwuliza mteja kabla mkono haujagusa kitufe cha kuwasha: ndani mna nini ambacho hakiko mahali pengine? Hadi jibu lipatikane, hawaruhusiwi kuwasha.

Ziwa lilipopanda mwaka 2024 na maji kuingia nyumba za Gatumba, Kibenga na ufuko wa Rumonge, tulipokea diski zenye tope. Familia ya yule bibi haikuleta kitu. Diski moja wanayo Rumonge, kwa mjukuu aliyejenga juu, mbali na maji. Ya pili iko Kigoma kwa binti yao, na kila anayevuka huenda na picha mpya zenye majina.